Milimita ipi unaitoa?

(Hii ndo hotuba kuhusu wembamba wa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Dar kwenye siku yetu ya kutengeneza vifaa, mbele ya vijana wa ufundi, walimu na wakutubi. Mvua iliwazuia wengi mkaniomba niiweke yote, basi nimeiandika kama nilivyoisema, zile picha za ukutani nimeziacha.)

Shikamooni wazee wangu. Walimu habari za asubuhi. Na nyie wadogo zangu mliojazana huko nyuma, mambo vipi? Sogeeni mbele bana, viti vipo, na leo nina vitu vidogo vidogo nataka mvione kwa karibu.

Kabla sijasema lolote naomba mtu mmoja aje hapa. Wewe, mwenye fulana ya njano. Shika hiki. Papasa kioo chake kwa kidole, taratibu, pembe mpaka pembe. Kuna ufa? Hakuna. Kuna mkwaruzo? Hakuna. Haya kigeuze uwaonyeshe wenzako. Mnaona? Juu kuna nusu ya picha imeganda, chini kuna mistari kama wavu uliokatika, na kona ile kuna doa jeusi. Hiki kimevunjika ndugu zangu, kimevunjika kabisa, na kidole cha kijana huyu kimepita juu ya mpasuko wote bila kuhisi kitu.

Mi nafungua vifaa. Ni mwaka wa 11 huu nakaa kwenye meza moja Kariakoo, simu, tableti, na miaka ya karibuni hivi vya kusomea vitabu. Wengi mnaviita Kindle hata kikiwa cha kampuni nyingine, kama tunavyoita Colgate dawa yoyote ya meno, mi leo nitasema kisomeo ili nisiwaonee wengine. Na nimekuja na swali moja tu, mtalisikia mpaka mlichoke: mtu akikwambia kifaa chake kimekuwa chembamba zaidi, muulize milimita ipi umeitoa? Umeitoa wapi?

Hiki alichoshika kijana kililetwa na mwalimu wa sekondari, mama mtu mzima, akanambia "mwanangu, hakijavunjika, kimeganda tu, labda programu." Nikamuuliza mama ulikibeba vipi? Akasema kwenye mkoba, nimetoka nao Mbagala nimesimama kwenye daladala, nimeubana kifuani kama siku zote. Nikamuomba nione mkoba. Chini kabisa, nyuma ya pale kisomeo kinapokaa, kulikuwa na kufuli la ofisi, lile kubwa la shaba. Basi. Watu wamesukumana, mkoba umebanwa, kufuli limeingia mgongoni mwa kisomeo kwenye kidoti kimoja, na hakuna aliyesikia chochote.

Kwa nini hakuna ufa juu? Sikilizeni hapa maana ndo roho ya mambo yote. Kwenye simu kioo kiko mbele, kikipasuka kinakukata kidole. Kwenye kisomeo cha kawaida kioo kiko nyuma. Mbele unachogusa ni plastiki, chini yake kuna utando wenye vidonge vidogo sana, upana wake unakaribia unywele, ndani ya kila kimoja kuna chembe nyeupe na chembe nyeusi, umeme ukija zinapanda au zinashuka, umeme ukikatika zinabaki palepale. Ndo maana kinakaa na chaji wiki kadhaa, na ndo maana kikivunjika picha inabaki imeganda kama saa iliyosimama. Hiyo ni teknolojia ya E Ink, kampuni iliyoanzishwa 1997 na watu wa chuo cha MIT kule Marekani, sa hivi ni ya Taiwan, na kisomeo cha kwanza kuitumia dukani kilikuwa Librie ya Sony, Japani, 2004. Sasa chini ya ule utando kuna kitanda cha transista, yaani swichi ndogo ndogo zinazopeleka umeme kwa kila nukta, na kitanda hicho kwa miaka yote hii kimekuwa kikitandikwa juu ya kioo. Kioo chembamba, bapa, kikubwa kama kiganja, kimegandishwa nyuma ya ule utando. Hicho ndo kinachokufa. Sio betri, sio sakiti. Vikija vitano mezani kwangu, vitatu au vinne ni kioo cha nyuma.

Sasa tuangalie mbio zilivyokwenda. Mwaka 2007 Kindle ya kwanza inatoka, gramu 292, sehemu yake nene inakaribia milimita 19, imekaa kama kabari. Nyuma ina kifuniko, unakisukuma kwa kidole gumba, betri hii hapa. Mwaka 2009 ya pili inakuja na milimita 9 tu, nusu nzima imeondoka, na kile kifuniko cha betri nacho kikaondoka humo humo. 2014 Kindle Voyage, milimita 7.6. 2016 Kindle Oasis, upande wake mwembamba milimita 3.4, gramu 131. 2020 Wanorwe wa reMarkable wakatoa ubao wa kuandikia na kusomea wa milimita 4.7 mwili mzima. Kila mara inatangazwa kama ushindi, na kila mara mi najiuliza lile swali langu.

Kuna seremala hapa? Karibu kaka. Ukiezeka nyumba, mbao ya mbili kwa nne unailaza au unaisimamisha? Kasema anaisimamisha. Kwa nini kaka, mbao si ile ile, uzito ule ule, bei ile ile? Kwa sababu ikilala inapinda. Ikisimama inabeba mara nne zaidi kabla haijapinda kiasi kile kile. Hesabu yake ni kwamba ugumu wa kitu dhidi ya kupinda unafuata unene mara unene mara unene tena. Ukipunguza unene nusu, ugumu haubaki nusu, unabaki sehemu moja ya nane! Alafu mtu anakuja anasema tumetoa milimita moja tu, kutoka nane kwenda saba. Piga kwenye simu yako sa hivi, nane mara nane mara nane ni 512, saba mara saba mara saba ni 343. Theluthi moja imeondoka. Milimita moja tu, theluthi ya ugumu. Najua kisomeo sio ubao mmoja, kina matabaka na gundi na nafasi za hewa, namba zitahama kidogo, ila mwelekeo ni huo huo, na kufuli la mwalimu halijali matangazo.

Lakini msinielewe vibaya. Sijaja hapa kutukana wembamba.

Nina mteja wangu mzee mstaafu wa bandari, alipata kiharusi, mkono wa kushoto haushiki. Anasoma kwa mkono mmoja, amelala ubavu, usiku, kwa sababu usingizi unamkimbia. Kwake gramu 50 ni jambo kubwa. Alinambia vitabu vikubwa alishaviaga, kitabu cha kurasa 600 kinamdondokea usoni. Nilimpa visomeo vitatu ajaribu pale kibandani, akavikataa viwili, akachukua ule muundo wa upande mmoja mnene na upande mwingine mwembamba, ule wa Oasis, na Kobo, kampuni nyingine ya visomeo, nao wana wa kwao kama Forma na Libra. Nikamuuliza kwa nini mzee wangu? Akasema "hiki kinanikalia kiganjani, vile vingine vinataka kuniruka." Mnaelewa alichosema? Betri na sakiti vimewekwa upande mnene, uzito unalala kiganjani, ukurasa wenyewe unabaki mwembamba kule mbele. Hapo kuna mtu aliyekaa akajiuliza milimita ipi na wapi, akafikiria mkono.

Japo hata Oasis ile ya 2016 ililipia. Ili ifike gramu 131 betri kubwa ilihamishiwa kwenye kava, na kava lenyewe lina gramu zaidi ya 100. Kwa hiyo ukitaka zile wiki nyingi za chaji unabeba vyote viwili. Wembamba wa tangazo na wembamba wa mkobani ni vitu viwili tofauti, na mtumiaji wetu hapa lazima anunue kava maana anapanda bodaboda. Kama kila mtu anaongeza kava la milimita nne, je kile kifaa kilikuwa chembamba kweli?

Basi tunatokaje hapo? Tazameni juu. Ndiyo, juu ya vichwa vyenu. Bati hilo ni geji 30, unene wake kama milimita 0.3, jembamba kuliko kadi ya benki. Bati la bapa la geji hiyo ukilishika pembe mbili linalegea kama kanga iliyoloa. Likishakunjwa migongo linavuka kutoka papi mpaka papi, linapigwa mvua ya mawe, fundi anatembea juu yake. Chuma ni kile kile, hakijaongezwa. Kilichoongezwa ni umbo. Sasa fungueni kisomeo kilichofikiriwa vizuri muangalie ndani ya mgongo wake, mtakuta mbavu, vijistari vya plastiki vimesimama kama ile mbili kwa nne ya kaka yetu, na kati ya kioo na betri kuna fremu ya chuma chepesi. Fungueni kilichofikiriwa vibaya, mgongo ni bapa kama sahani, betri imebandikwa moja kwa moja nyuma ya kioo, hakuna kitu katikati. Kwa nje vyote ni milimita nane. Nimevishika vyote viwili, na ukivikandamiza kwa kidole gumba katikati ya mgongo unahisi tofauti kabla hujashika hata bisibisi.

Na kuna kitu bibi yangu alikuwa nacho toka kabla sijazaliwa, Biblia. Kurasa zaidi ya elfu moja, karatasi nyembamba mpaka unaona kivuli cha maneno ya upande wa pili, na bado iko hai, mama anaisoma mpaka leo. Ndugu zangu Waislamu mnayo misahafu ya namna hiyo majumbani, imerithishwa. Kwa nini haikufa? Karatasi ni nyembamba kuliko daftari la shule! Niliifungua nikaangalia mgongo, haukugandishwa kwa gundi tupu, ulishonwa kwa uzi, vishada kwa vishada, na jalada ni ngozi inayopinda. Wembamba ulipelekwa pale penye kurasa, nguvu ikapelekwa pale panapokunjwa. Aliyetengeneza kile kitabu alijua kitashikwa wapi.

Kwa visomeo njia kubwa iliyopatikana inafanana na hiyo ngozi, toa kioo, weka plastiki inayopinda. Sony walifanya hivyo 2013 kwenye DPT-S1, ukurasa wa inchi 13.3, mkubwa karibu na A4, na uzito wake gramu 358 tu. Kobo wakafanya 2018 kwenye Forma, inchi 8, gramu 197. Hapo milimita imetolewa na nguvu imeongezeka kwa pamoja, ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Shida ni bei, ile plastiki ni ghali, ndo maana mnaikuta kwenye vikubwa na vya gharama, na vile vya bei ya chini, vile vinavyokuja kwenye shule zetu, bado vina kioo nyuma. Anayehitaji uimara zaidi ndo anapata kioo. Hilo linaniuma na nalisema wazi.

Tena tuongelee shule. Kuna shirika linaitwa Worldreader, lilianza 2010, lilipeleka visomeo shule za Ghana na baadaye likafika hata hapa jirani kwa Wamasai wa Kilgoris, Kenya. Kazi nzuri, watoto waliokuwa na vitabu vya kugombania wakapata maktaba mkononi. Lakini ripoti ya tathmini ya yale majaribio ya Ghana ilisema karibu 4 kati ya 10 ya vifaa vilivunjika. Nne kati ya kumi! Na hawakuwa watoto wakorofi. Kifaa kilibuniwa kwa ajili ya mtu anayesomea kwenye kochi au kwenye ndege, kikakutana na dawati la watu wanne.

Mi mwenyewe niliitwa shule moja upande wa Kisarawe, walipewa visomeo 20 na mfadhili, vikafa saba ndani ya muhula mmoja. Mwalimu mkuu aliwaka, anasema watoto wanaviangusha. Nikamwomba nikae darasani siku nzima nione. Nikakaa. Hakuna mtoto aliyeangusha hata kimoja, waliviinua kwa mikono miwili kama wamebeba yai. Kipindi kikaisha, kiranja akavikusanya vyote akavipanga kwa kulala kwenye sanduku la bati, kimoja juu ya kingine, akafunga, akapiga kufuli, alafu akakaa juu ya lile sanduku kuandika majina. Sanduku ndo lilikuwa kiti cha kiranja! Kifuniko cha bati kilikuwa kimeshabonyea katikati, kinagusa kisomeo cha juu, kila siku mara mbili.

Hatukununua kitu. Seremala wa pale kijijini akatengeneza kichanja cha mbao chenye nafasi 20, kila kisomeo kinasimama wima kama sahani zinazokaushwa. Nilirudi mwaka uliofuata, kilikuwa kimekufa kimoja tu. Na yule kiranja akatafutiwa stuli. Wadogo zangu mnaotaka kubuni vifaa, kabla hujachora mstari wa kwanza nenda ukakae siku moja uone kitu kinawekwa wapi kikishamaliza kutumika, maana mezani kwangu havivunjiki wakati vinasomwa, vinavunjika vikiwa vimezimwa, ndani ya begi, chini ya godoro, chini ya kiranja.

Maji nitayapita haraka. Kobo Aura H2O ya 2014 na Oasis ya 2017 na Kindle Paperwhite ya 2018 zote zilionyesha kisomeo kinaweza kuingia kwenye maji na kutoka, ni jambo zuri kwa watu wa pwani kama sisi wenye chumvi mpaka kwenye hewa. Ila watu wamelifanya kisingizio, wanasema ili kisiingie maji lazima tukigandishe chote kwa gundi. Nitarudi hapo sasa hivi.

Hili la mwisho ni zito kwangu. Binti mmoja, mwanafunzi wa udaktari, aliniletea kisomeo chake, kizima kabisa, tatizo betri imechoka, haimalizi siku mbili. Kazi ya shilingi kidogo. Nikafungua. Betri imegandishwa kwa gundi nyeusi kwenye bamba jembamba, na nyuma ya bamba hapo hapo ni kioo. Nikapasha kwa bloa, moto kidogo, nikapitisha kadi ya plastiki pole pole, dakika kumi, dakika ishirini, jasho linanitoka. Betri ikaanza kuachia. Alafu nikasikia tik. Ndogo sana, kama punje ya mchele imedondoka kwenye sahani. Nilijua pale pale. Niliwasha, mistari. Yule binti alikuwa amesimama mbele yangu, hakunigombeza, aliniuliza tu "dada fundi, ndo basi?"

Nilimlipa. Lakini swali lake sijawahi kulisahau. Kifaa kizima, kioo kizima, sakiti nzima, kimekufa kwa sababu mtu fulani mahali fulani aliondoa skrubu mbili na milimita moja ya nafasi ya kupitisha kidole chini ya betri. Betri ya litiamu itachoka, hilo linajulikana siku inapotoka kiwandani, miaka mitatu, minne, mitano. Ukiigandisha nyuma ya kioo umeshaandika tarehe ya kifo ya kioo pia. Sasa niambieni, huo ni wembamba au ni nini?

Na msiambiwe haiwezekani. Mwaka 2024 Kobo walitoa Clara na Libra zao mpya, wakaingia makubaliano na iFixit, kampuni ya spea na maelekezo ya kutengeneza vifaa, spea zinauzwa na maelekezo ya kufungua yapo hadharani, na zinavumilia maji vile vile. Clara Colour ina milimita 9.2 na gramu 174. Ni nene kuliko Paperwhite ya 2018, lakini ni nyepesi kuliko hiyo! Mkono unahisi gramu kwanza ndugu zangu, milimita inahisiwa na macho pale dukani. Na Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni ya betri mwaka 2023, kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi zinatakiwa mtumiaji mwenyewe aweze kuzitoa na kuzibadilisha, isipokuwa vichache vilivyoachwa kwa sababu maalum. Sisi hatukukaa kwenye kikao hicho, lakini kiwanda hakitengenezi kifaa cha Ulaya na kifaa cha Kariakoo, kwa hiyo milimita itakayorudishwa kule tutaiona na sisi mezani.

Wakutubi mlioko hapa, mkiletewa msaada wa visomeo msishukuru tu mkapiga picha, ombeni mfunguliwe kimoja. Kandamizeni mgongo kwa kidole gumba. Ulizeni betri inatokaje. Ulizeni spea ya kioo ni shilingi ngapi. Mfadhili mwenye nia njema hatakasirika, nimeshajaribu.

Sasa nimeongea vya kutosha, mikono ifanye kazi. Pale mezani kuna visomeo sita vilivyokufa, bisibisi, kadi za plastiki na kalipa tatu za kupimia unene. Mjigawe makundi, kila kundi lifungue kimoja, mpime kila tabaka, mgongo, betri, fremu, kioo, tabaka la taa, mniandikie ubaoni ni milimita ipi mngeitoa na ipi mngeirudisha. Cha kijivu kina skrubu nne chini ya vimiguu vya mpira, anzeni nacho wale ambao hamjawahi. Hiki cha mwalimu tutakifungua mwisho, wote pamoja. Mwalimu mwenyewe yuko hapa, amekaa safu ya pili, aliniomba siku ile nisikitupe kwa sababu anataka kuuona huo ufa kwa macho yake. Mama, karibu mbele.